Imani yako imebaki ya kupima kama mafuta ya mbao? Hii ni yako

Wewe unayesoma hii umening’inia kwa matatu, mkono mmoja kwa chuma na mwingine kwa simu, nisikize kidogo. Sijui mwezi wako umeanza aje. Wangu ulianza na mlango kugongwa. Ilikuwa tarehe sita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na aliyekuwa nje ni keateka wa ploti yetu huku Kayole. Yeye hagongi kwa hasira. Hugonga mara tatu polepole, kama mtu aliyekuletea habari za msiba, halafu anasema tu, “Kijana, ni mimi.” Haongezi neno. Afadhali hata angekutukana.

Nilinyamaza kitandani kama mwizi. Nikaangalia jikoni kwangu, ambako ukweli ni kiti cha plastiki kilichowekwa karibu na mlango: unga wa ugali kama robo kilo, pakiti imekunjwa mdomo, chumvi, na chupa ya soda yenye mafuta ya kupikia ya vidole viwili. M-Pesa salio lilikuwa sufuri, na Fuliza ilikuwa inanidai kiasi kwamba pesa yoyote ikiingia ingemezwa kabla sijaiona rangi. Nikajaribu kuomba. Unajua maombi yaliyotoka? “Mungu, uko?” Basi. Nikangoja kidogo, kama mtu aliyetuma meseji na anaangalia kama imesomwa. Halafu nikajifunika tena.

Nataka kuongea na wewe mwenye maombi ya namna hiyo. Wale wa imani kubwa wako na vipindi vyao redioni na mabango yao barabarani, hawanihitaji. Nakutafuta wewe unayeimba kanisani huku ukipiga hesabu ya kodi kichwani. Wewe ambaye ukiambiwa “Mungu atafanya njia” unajibu “Amina” kwa sababu ya heshima tu, juu aliyekwambia ni mama ya rafiki yako.

Acha nikupe historia kwa ufupi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea mambo ya kompyuta, na karo yangu ilikuwa inatoka Gikomba. Mama yangu alikuwa akiuza nguo za watoto za mitumba, na ukiwa mtu wa Nairobi sina haja ya kukueleza kuhusu moto wa Gikomba. Soko lile limeungua mara nyingi hadi watu wameacha kuhesabu. Ulipofika upande wake ilikuwa usiku. Asubuhi alikuta mabati yamejikunja na marobota mawili, ambayo hata hakuwa amemaliza kuyalipia, yamekuwa jivu. Aliniambia kwa simu, “Si neno, mwanangu, tuko hai.” Nikajua hapo hapo kwamba masomo yamefika mwisho. Muhula uliofuata sikupata kadi ya mtihani. Watu wengi hudhani ukiacha chuo kuna siku unafukuzwa. Hakuna anayekufukuza. Siku moja tu wenzako wanaingia kwa chumba cha mtihani na wewe unabaki nje na begi.

Siku hizi niko kwa saiba moja hapa mtaani. Nawachapia watu CV, najaza fomu za eCitizen, nawafanyia ritani za KRA wale wanaokumbuka dakika ya mwisho. Na kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, ni mimi huketi na watoto waliomaliza kidato cha nne tukichagua kozi kwa tovuti ya KUCCPS. Cheka tu, hata mimi hucheka. Aliyeacha chuo ndiye anaingiza watu chuoni. Usiku ndio naandika haya mambo yangu.

Sasa, baada ya ule moto nilienda kesha mahali fulani. Pengine wewe pia umewahi kuingia mahali kama hapo. Mhubiri alisema kuna watu kumi ndani ya ukumbi ambao karo yao italipwa kabla ya mwezi kuisha, kazi yao ni kupanda mbegu tu. Namba ya paybill ilikuwa imewekwa ukutani kwa maandishi makubwa. Nilikuwa na soo tano, ambazo mama alikuwa amekopa ili mimi nile. Nikazituma zote. Usiniulize kwa nini. Anayezama hakagui kamba imetengenezwa wapi. Siku mbili nikaishi kwa chai ya rangi. Mwezi ukaisha. Nilipomuuliza kiongozi mmoja wa pale, aliniangalia kwa huruma, mkono begani, akasema, “Ndugu, shida ilikuwa imani yako. Ilikuwa ndogo.”

Hilo neno lilinikaa kama mfupa wa omena kooni. Kukosa karo ni jambo moja. Kuambiwa mimi ndiye nilijikosesha ni jambo lingine, kwa sababu ukilifuata mpaka mwisho, basi hata mama yangu stoo yake iliungua juu ya imani yake. Kwa karibu mwaka mzima sikuomba kitu chochote. Niliona ni kama kuomba mkopo kwa simu na jina lako liko CRB: jibu unalijua kabla hujabonyeza.

Kilichonirudisha si mahubiri. Ni bando kuisha. Usiku mmoja nilikuwa nimelala bila usingizi, bila stima, bila data, na kitu pekee kwa simu yangu kilichokubali kufunguka bila intaneti kilikuwa Biblia ambayo mama alinilazimisha kuiweka. Nikaanza kusoma kama mtu anayesoma maandishi nyuma ya pakiti ya majani chai, kwa kukosa kingine. Nikafika kwa yule baba wa Marko sura ya 9.

Huyu mzee amehangaika na kijana wake tangu utotoni. Kijana anaangushwa, mara kwa moto, mara kwa maji. Amemleta kwa wanafunzi wa Yesu, wamejaribu, wameshindwa mbele ya umati. Yesu mwenyewe anapofika, mzee hana tena sauti ya ushuhuda. Anamwambia kama kuna kitu anaweza kufanya, basi awaonee huruma. Kama. Yesu anamshika kwa hilo neno, na mzee anapaza sauti kwamba anaamini, halafu hapo hapo anaomba asaidiwe na kutoamini kwake. Vyote viwili kwa pumzi moja. Ungedhani ataambiwa aende nyumbani akafunge siku tatu, imani ikiiva arudi. Yesu akamponya kijana.

Sasa fungua Mathayo 17, hadithi ni hiyo hiyo. Wanafunzi wanamvuta Yesu kando na kumuuliza kwa nini wao walishindwa, na hapo ndipo anataja imani haba na ile punje ya haradali. Nilirudia mahali hapo kama mara nne gizani. Wanaojibiwa kwamba imani yao ni haba ni watumishi. Mzee mwenye mtoto hakuambiwa hivyo, na yeye ndiye alikuwa amekiri wazi kwamba yake ina nyufa. Mahali fulani njiani tumegeuza mambo: mwenye huduma akiomba na isitokee kitu, lawama inaangushiwa mwenye shida. Nilikaa kitandani nikasema kwa sauti, “Kumbe!” Jirani wa upande wa pili akagonga ukuta.

Lakini shida yangu haikuwa mtoto mgonjwa. Ilikuwa unga. Kwa hivyo usiku uliofuata nikamtafuta yule mama wa unga, mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17. Tunamjua tangu shule ya Jumapili na hiyo ndiyo shida, tunamjua haraka sana.

Mvua imekataa kunyesha. Nabii Elia ndiye alimtangazia mfalme Ahabu ukame huo, kisha akajificha kwa kijito cha Kerithi, kunguru wakimletea mkate na nyama asubuhi na jioni. Hata kijito kikakauka. Hebu simama hapo kidogo: mtu wa Mungu, mahali alipotumwa na Mungu, maji yanaisha. Hakuna anayemwambia ana imani ndogo. Anaambiwa tu ahame, aende Sarepta ya Sidoni, kuna mjane huko atamlisha.

Sarepta ni mji wa kweli. Uko pwani ya Lebanoni ya leo, kati ya Sidoni na Tiro, pale panapoitwa Sarafand. Wanaakiolojia kutoka Marekani walianza kuchimba pale 1969 na wakakuta matanuri mengi ya kuchomea vyungu. Yaani mji wa huyu mama ulijulikana kwa kutengeneza vyombo. Ule unga Biblia ya Kiswahili inasema ulikuwa kwa pipa, na mafuta kwa chupa, lakini usifikirie drumu ya plastiki. Fikiria chungu. Chombo hakikuwa shida mji huo. Shida ilikuwa cha kuweka ndani. Halafu huko ndiko upande wa kwao Jezebeli, mke wa yule mfalme anayemtafuta Elia. Ni kama ujifiche polisi nyuma ya kituo.

Elia anamkuta mama langoni akiokota kuni. Anamwomba maji, na mama anaenda kuyaleta bila maneno. Akiongeza kwamba alete na kipande cha mkate, hapo mama anasema ukweli wote: hana mkate, ana konzi moja ya unga na mafuta kidogo, anaokota kuni mbili akapike yeye na mtoto wake, wale, wafe. Amepanga kabisa. Na angalia anavyoapa. Anaapa kwa Mungu wa Elia. Mungu “wako”, anamwambia. Si wangu. Ni vile wewe ulivyomwambia mama yako siku ile, “Huyo Mungu wako.” Mama huyu hata si Mwisraeli. Ukimpima imani, mizani haitasonga.

Elia anamwambia asiogope, aende apike kama alivyosema, lakini amtangulizie yeye mkate mdogo. Najua unachofikiria. Hata mimi nilikasirika, kwa sababu hapo ndipo wale wa paybill hupenda kusimama: umeona, mtangulize mtumishi! Lakini endelea kusoma. Elia hakupokea mkate akaondoka na gari la vioo vyeusi. Aliingia kwa nyumba ile ile. Alipewa chumba cha juu, akala kutoka kwa chungu kile kile, siku nyingi. Kama unga ungeisha, angelala njaa pamoja nao. Kwa hivyo ukiambiwa upande mbegu, uliza swali moja tu la adabu: mtumishi, utakuja tukae pamoja kwa bedsita yangu tukila kutoka kwa pakiti moja mpaka mvua inyeshe? Akikubali, mpe mkate.

Halafu kuna hili lililonishika kabisa. Pipa halikujaa. Rudia kusoma kama hutaniamini. Hakuna mahali imeandikwa kwamba aliamka siku moja akakuta unga umefika shingoni. Kilichoandikwa ni kwamba haukuisha. Navyoielewa mimi, kila asubuhi alikuwa akifungua chungu na kuona unga kidogo chini, akichota, akipika, na jioni akilala bila akiba ya kuonyesha mtu. Jirani akiingia ghafla angesema bado huyu mama ni maskini. Na kweli alikuwa maskini. Aliendelea tu kula.

Hiyo inaudhi, wacha tuseme ukweli. Mimi nilitaka pipa lijae. Nilitaka karo ya miaka miwili iingie kwa mpigo, nipige picha ya skrini, nitume kwa kundi la familia la WhatsApp, na mjomba fulani anyamaze. Lakini fikiria, sisi watu wa mtaa ndio tulipaswa kumwelewa huyu mama kuliko mtu yeyote. Maisha yetu ni ya kadogo. Mafuta ya mbao yanapimwa mbele yako. Sukari ni robo, sabuni ni kipande, tokeni ya stima ni ya hamsini, bando ni ya saa moja. Hata mboga yetu tumeipa jina kwa kazi yake: sukuma wiki. Haijawahi kuahidi kusukuma mwezi. Tunaishi kwa vipimo vya rejareja siku sita, halafu Jumapili tunajichukia juu imani yetu si ya jumla. Wana wa Israeli nao jangwani walipewa mana kwa kipimo, pishi moja kwa kila kichwa, na aliyeficha ya kesho aliikuta na mabuu, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Miaka 40 hivyo. Na ile sala ambayo Yesu alifundisha inaomba chakula cha siku. Haijataja mwaka.

Usidhani huyu mama baada ya hapo alikuwa shujaa wa imani. Mtoto wake akaugua mpaka pumzi ikakatika. Maneno ya kwanza ya mama yalikuwa kumshambulia Elia: umekuja kwangu kukumbusha dhambi yangu na kumuua mwanangu? Amekula muujiza asubuhi na jioni, na bado msiba wa kwanza ukigonga anasema ni adhabu. Elia hamkemei. Anamchukua mtoto, anapanda naye juu, na yeye mwenyewe anamlilia Mungu kama mtu ambaye haelewi. Mtoto anarudi. Ni hapo tu, mwisho kabisa wa sura, ndipo mama anasema sasa amejua kwamba huyu ni mtu wa Mungu. Sasa! Siku zile zote za unga alikuwa anapika bila kujua. Na unga haukumngoja ajue ndio usiishe.

Hii sehemu natamani ningeambiwa usiku ule wa kesha.

Na Elia naye, ukigeuza ukurasa ufike sura ya 19, amekaa chini ya mti jangwani anaomba kufa. Huyo huyo wa kunguru. Wengine wetu tumekuwa chini ya mti huo na hatujamwambia mtu. Kama ni wewe, tafadhali mwambie mtu leo, usingoje ibada. Unajua Mungu alimfanyia nini Elia? Hakumpa hotuba. Alimwacha alale. Malaika akamwamsha ale mkate uliookwa kwa makaa na maji, akalala tena, akaamshwa tena akala. Maongezi yalikuja baadaye sana. Kuna siku imani yako inahitaji chapo na ndengu na saa nane za usingizi.

Sasa nikuambie lile linalonisumbua, kwa sababu ukiniona nimelipita utajua nakuuzia. Yesu alipokuwa Nazareti, Luka 4, alimtaja huyu mjane. Alisema kulikuwa na wajane wengi Israeli siku za ule ukame wa miaka mitatu na miezi sita, lakini Elia hakutumwa kwa yeyote kati yao ila kwa huyu wa Sarepta. Watu walikasirika wakataka kumsukuma kutoka ukingo wa kilima. Yeye alikuwa anawaonyesha kwamba Mungu hana ukabila, nimeelewa. Lakini jicho langu hubaki kwa wale wajane wengi. Walikula nini?

Kwa ploti yetu kulikuwa na jamaa mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwangu, aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kuomba. Nilikuwa nikimsikia kupitia ukuta, anawataja watu kwa majina, na mimi nikiwemo. Miezi miwili kibarua cha mjengo kilipotea. Akang’olewa mlango. Alilala siku nne kwa nyumba isiyo na mlango, ameweka shuka, na bado saa tisa nilimsikia. Halafu akarudi ushago na begi moja. Imani yake ilikuwa kubwa mara kumi kuliko yangu, na mimi niko hapa na mlango wangu. Ukija na fomula ya kwamba imani nyingi ni sawa na riziki nyingi, itabidi uipitishe kwa huyo jamaa kwanza. Mimi nilishindwa.

Ninachoweza kusema ni kwamba Biblia yenyewe haifichi watu kama yeye. Wale vijana watatu wa Danieli sura ya 3, mbele ya tanuri, walimwambia mfalme Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu yake. Hiyo “hata asipo” siku hizi haiandikwi kwa mabango. Jamaa yangu aliishi hapo, siku nne, nyuma ya shuka.

Turudi kwa tarehe sita. Nilitoka nje keateka alipoenda. Mjane alikuwa anaokota kuni alipokutana na Elia, kwa hivyo hata mimi nilivaa viatu. Pale kwa kona kuna mama mboga ambaye ana daftari la deni lenye kurasa zilizokunjika, na jina langu humo lina historia ndefu kuliko nilivyosoma chuo. Nilipanga kupita upande wa pili wa barabara. Akaniita. “Wewe, mbona unanipita kama mgeni?” Akanifungia sukuma, nyanya mbili na kitunguu. Nikamwambia sina. Akasema, “Nimekuuliza kama uko na pesa?” Akaandika kwa daftari. Kwa meza yake zilikuwa zimebaki nyanya chache hivi na kabichi moja, na najua kodi yake ni ya nyumba kubwa kuliko yangu na watoto ni watatu. Nilitembea na ile karatasi ya mboga nikifikiria Mungu alimtuma Elia kwa mtu aliyekuwa na konzi moja. Sidoni hakukosi matajiri. Sijui kwa nini haendi kwa matajiri mara nyingi.

Siku hiyo saiba aliingia mzee mmoja na watu sita wa chama chake, wote hawajafanya ritani. Nilitoka na shilingi 600 mkononi. Keateka nilimpelekea nusu ya kodi siku tatu baadaye, akaipokea, akapiga simu kwa mwenye nyumba na nikamsikia akisema, “Huyu kijana analipa, mpe wiki moja.” Sikuwa nimemwomba aseme hivyo.

Unaweza kusema ni bahati, na mimi siwezi kukuthibitishia vingine. Nimeanza tu kuandika. Nyuma ya daftari langu la kazi nimechora mistari miwili: nilichokosa, kilichokuja. Kuna siku upande wa pili hauna kitu, na nimeacha wazi hivyo, sitaki kumpamba Mungu kwa uongo. Siku nyingine kuna vitu kama “chapati mbili, jirani” au “mama amepiga simu”. Nilipopitia miezi mitatu sikupata siku hata moja iliyoandikwa pipa limejaa. Pia sikupata siku ambayo sikula kabisa. Ilinishtua kidogo, kwa sababu ungeniuliza bila daftari, ningekuapia kwamba ziko nyingi.

Maombi yangu bado ni mafupi. Nikizidisha dakika tano naanza kufikiria kitu kingine. Chuo sijarudi, na mama amepata kibanda kidogo zaidi, anauza soksi. Kama umekuja hapa ukitafuta ushuhuda wenye mwisho wa kupigiwa makofi, samahani, bado uko njiani au haupo.

Juzi jioni nikiwa karibu kufunga aliingia msichana mmoja na karatasi ya matokeo imekunjwa mara nne. Alikuwa na alama nzuri na pesa ya kujaza fomu, lakini ya kuchapa hakuwa nayo. Nikamwambia tutachapa tu. Tulipokuwa tunangoja tovuti ifunguke, akaniuliza, “Wewe ulisomea chuo gani?” Nikamwambia nilifika mwaka wa pili, karo ikakatika. Alinyamaza muda, akiangalia kile kiduara kinachozunguka kwa skrini. Halafu akasema mama yake pia anauza Gikomba.

Tovuti ikafunguka. Tukaanza na chaguo la kwanza.